Tulivyochunga Presha ya Baba

Baba yangu alikuwa mtu wa kufoka. Mvua ikichelewa aliifokea, na ikija aliifokea kwa kuchelewa. Tulihamia Kitengela mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati punda milia walikuwa bado wanapita nyuma ya choo chetu kama wenye shamba, na baba, aliyetoka Ukambani kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, aliwafokea wao pia. Hawakumjali. Sisi ndio tulikuwa tunakimbia.

Siku moja aliporudi kazini akiwa ameshika kichwa, mama alimpeleka kwenye kliniki ndogo iliyokuwa nyuma ya bucha. Daktari alimfunga mkono kwa ile mashine, akasukuma hewa, akatazama mshale, akasema mzee ana presha. Akatoa maagizo matatu: ameze dawa kila siku, apunguze chumvi, na aache kukasirika ovyo. La kwanza baba alilisahau kabla hajafika nyumbani. La pili alilikataa palepale kliniki. La tatu hakulisikia kabisa, kwa hivyo tukalichukua sisi.

Mama aliligeuza kuwa sheria ya nyumba. "Baba yenu asishtuliwe," alisema. Kuanzia siku hiyo, habari yoyote mbaya iliyoingia kwetu ilipitia mlango wa jikoni, ikapokelewa na mama, na ikaishia hapo. Dawa alimpa mwenyewe kila asubuhi, akisimama mbele yake mpaka aone koo limecheza. Chumvi aliipunguza kidogo kidogo, na baba akawa anasema siku hizi nyanya hazina ladha.

Habari ya kwanza kuzikwa ilikuwa ya ndama. Tulikuwa na ndama mmoja mwekundu, jike, ambaye baba alimpenda kuliko alivyotupenda sisi, na simlaumu, kwa sababu ndama hakuwahi kuleta ripoti ya shule. Akala mfuko wa plastiki akafa. Baba alikuwa kazini. Mama akaita vijana wakamwondoa haraka, na jioni akamwambia baba kwamba nyasi zimekauka sana huku, kwa hivyo ndama amepelekwa kwa binamu yake kule Entarara, karibu na Loitokitok, mahali pa majani na baridi nzuri.

Baba alikubali. Shida ni kwamba alikuwa akiuliza. Kila mwisho wa mwezi, akishakunywa chai, "Na yule ndama wa Entarara?" Mama, bila kuinua macho kutoka kwa maharagwe anayochagua, "Amenona." Mwaka wa pili ndama akazaa. Mwaka wa tatu akazaa tena, mapacha, na mimi nikaona sasa mama amepitiliza.

Dada yangu alipoanguka mtihani, tulisema matokeo yamechelewa. Ukuta wa nyuma ulipopasuka, tuliuegemezea kabati. Kulikuwa na redio pia. Redio za siku hizo zilikuwa na matangazo ya vifo, na hakuna kitu kilichomtisha mama kama yale matangazo, maana jamaa zetu ni wengi na hawakuwa na adabu ya kufa kwa mpango. Saa ya matangazo ikikaribia, mama alikuwa anatoa betri kwenye redio na kuzianika juani, akidai zimeisha nguvu. Betri zetu zilianikwa kuliko mahindi.

Sasa ungedhani katika nyumba kama hiyo moyo wa mtu utatulia. Wapi! Baba, kwa kukosa habari, akaanza kuzisoma usoni mwetu. Ukimpelekea chai na chapati mbili siku ambayo si Jumapili, anaweka kikombe chini na kuuliza, "Nani amekufa?" Siku moja akina mama watatu wa kanisa walifika kuazima sufuria kubwa. Kwetu watu watatu wa kanisa hawaji pamoja mlangoni isipokuwa wameleta msiba. Baba aliwaona tangu getini, akashika kifua, akakaa hivyo mpaka walipotaja sufuria. Kesho yake mshale wa daktari ulipanda kuliko mwezi wote, na sisi tukalaumu chumvi.

Halafu baba mkubwa akafa, ndugu wa pekee wa baba, kule nyumbani Ukambani. Simu ilipigwa dukani Jumatatu, na mwenye duka, aliyeijua sheria yetu, akamwita mama, si baba. Jioni tulikutana jikoni: mama, kaka yangu mkubwa, mimi, na mzee mmoja wa kanisa. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Mzee wa kanisa akasema, "Huyu akiambiwa sasa, mtazika wawili. Wacheni ndugu yake azikwe, halafu tutamwambia polepole." Kaka akakubali. Mimi nikakubali pia, tena kwa sauti. Sina wa kumsingizia, nilikuwa mtu mzima mwenye akili zangu, na nilikuwa nakubali baba yangu akose kumzika ndugu yake. Niliogopa kumpoteza, basi. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Alisema ataweka betri juani.

Siku tatu tulitembea nyumbani kama watu wanaobeba mayai. Baba alituangalia mmoja mmoja. Alikula kidogo. Hakufoka hata mara moja, na hilo lilitutisha zaidi.

Alhamisi asubuhi akaja mama wa Kimaasai aliyekuwa anatuletea maziwa. Baba alikuwa nje, amekaa kwenye kigoda anapiga viatu rangi.

"Sopa, mzee," akamsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa."

"Pole sana, mzee, kwa ndugu yako. Jana tulisikia kwa redio. Walikutaja hata wewe, ndugu yake wa Kitengela."

Hatukuwa tumefikiria kwamba Kitengela ilikuwa na redio zaidi ya moja. Kaka yangu alitoka mbio na kiti, akakiweka nyuma ya baba, ingawa baba alikuwa tayari amekaa. Mimi nilikuwa na glasi ya maji ambayo nusu yake ilikuwa kwenye gauni langu. Tukasubiri aanguke.

Hakuanguka. Alimaliza kiatu alichokuwa ameshika, akakiweka chini karibu na mwenzake. Akamshukuru yule mama, tena vizuri sana, akampa mkono. Kisha akatugeukia.

"Mlikuwa mnanificha mpaka lini?"

"Mpaka tuzike, baba," kaka akasema. "Ni hii maneno ya presha."

"Na mngeniambia ameenda wapi? Entarara?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Yule ndama niliona ngozi yake imetandazwa kwa jirani wiki ileile," baba akasema. "Mimi si mtoto."

"Sasa mbona ulikuwa unauliza kila mwezi?" nikamwuliza.

"Nilitaka kuona mama yenu atamzalisha mara ngapi."

Nilicheka, Mungu anisamehe, siku ya msiba. Baba mwenyewe alicheka kidogo, halafu kicheko kikamgeukia kikawa kitu kingine, akafunika uso kwa mikono yenye rangi ya viatu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akilia.

Alienda akazika. Alisimama na wanaume wa ukoo, akatupa udongo wake, akalia mbele za watu bila haya, akawafokea waliochimba kaburi kwamba halijanyooka. Usiku wote alikaa na wazee akisimulia utoto wao wa kuchunga mbuzi. Sisi tulimzunguka na dawa na maji kama walinzi, na hakutuhitaji.

Jumatatu tulimpeleka kliniki sote, kwa sababu tulikuwa na hakika kwamba amejiharibu. Daktari akapima, akapima tena, akasema presha iko chini kuliko ilivyokuwa miezi mingi. Baba akataka kujua kama basi aache dawa. Daktari akamwonya: aache aone. Kulia si dawa, akatueleza, na uchungu wenyewe hupandisha presha kama hasira inavyopandisha. Lakini mtu akishatoa lililo moyoni, mwili hupata nafasi ya kushuka. Mbaya ni kukaa siku zote ukingoja kushtuka, kwa sababu hapo hakuna kupumzika.

Baba akatuangalia kwa ushindi. Siku hiyo alikuwa na maringo sana. "Basi pima na huyu," akasema, akimwonyesha mama kwa kidole. "Huyu ndiye mkubwa wa kunificha. Tuone kama wachawi pia wako na presha."

"Wacha mchezo," mama akasema. "Mimi sina kitu. Twende, nimeacha maharagwe."

Lakini sote tulikuwa tumechangamka, tukamsukuma kwenye kiti tukicheka. Daktari naye akacheka, akamfunga mkono. Alisukuma hewa, akasikiliza. Akaacha kucheka. Akafungua, akamfunga mkono wa pili, akapima tena, na safari hii alikaa muda mrefu akitazama mshale.

"Mama, kichwa huwa kinauma?"

"Kidogo."

"Na kizunguzungu?"

Mama akatuangalia sisi kwanza, kama mtu anayehesabu nani yuko chumbani. "Kidogo. Asubuhi, nikiamka."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kusema mama apimwe. Kila mwezi alimleta baba kwenye kile chumba, akamshikia koti, akasubiri akiwa amesimama, na mimi mara nyingi nilikuwa nao. Nilikuwa nimemwambia mambo yangu mengi ambayo baba hakupaswa kujua, na kila mara nilitoka jikoni nikiwa mwepesi. Sikuwahi kujiuliza yeye alienda kuyaweka wapi. Niliona aibu ambayo mpaka leo sijaimaliza.

Baba alitoka pale ukutani alipokuwa ameegemea, akaenda akachuchumaa mbele ya kiti cha mama, yule mtu aliyekuwa akilalamikia magoti hata kanisani. Nilijua atafoka. Alichukua mkoba wa mama kutoka mapajani, akaushika yeye.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeshtuka," mama akasema.

Baba akauliza tena, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Na hicho kizunguzungu kikikushika, ulikuwa unashikwa na nani?"

Mama akafikiri, kwa uaminifu kabisa, kama mtu aliyeulizwa kanisani.

"Ukuta," akasema.