Picha Niliyopigwa Nikiwa Haji

Kofia ikinuka kafuri. Mjukuu wangu Zulfa aliitoa sandukuni mwangu asubuhi moja, akaibandika utosini maana haikumtosha, akajichora masharubu kwa wanja, akasimama mbele ya simu yake katuna kifua kama marehemu babu yake. Hiyo ndiyo kazi yake siku hizi. Anajigeuza watu wa ukoo wetu mmoja mmoja, anajipiga picha na video, na zitatundikwa kwenye ukumbi mmoja hapa Mji Mkongwe watu waje watazame. Mie ameshaniigiza, kwa buibui langu na kikohozi changu.

Nyumba nzima ilicheka. Mie nilitazama tu. Harufu ile ikinifika, mwili wangu hufa ganzi. Haucheki wala haulii.

Maana kofia ile, wenzangu, si ya babu yake Zulfa. Ni ya ndugu yangu Haji.

Haji na mie tulipishana mwaka, tukafanana kama shilingi kwa ya pili. Surua ilitupata sote. Mie ikaniacha, yeye ikamchukua. Kule Makunduchi bibi yetu mzaa baba, Bi Mwaka, alikuwa kitandani na moyo wake dhaifu, na Haji ndiye aliyebeba jina la marehemu mumewe. Baba yangu, Mzee Ame, akasema mama yake asiambiwe, khabari ile itamuua. Lakini Bi Mwaka hakuchoka kutuma salamu: mbona simuoni mjukuu wangu? Basi nileteeni japo picha yake.

Ndipo nikavishwa kanzu ya Haji na kofia yake, nikapelekwa kwa Bwana Kanji mpiga picha. Nywele zilikuwa zimeshanyolewa kwa yale maradhi. Bwana Kanji aliambiwa ni mchezo tu wa kumfurahisha bibi, naye mcheshi, basi akanishika vilivyo.

"Mwanamme gani huyu kasimama kama bi harusi? Tanua miguu, baba! Kunja uso kama mwalimu wako wa chuo cha Kurani!"

Baba alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa kanzu. Na mie, kuona watu wazima wananifurahia, nikazidisha. Nikauma mdomo wa chini, nikapandisha mguu mmoja juu ya mwenziwe, kama Haji alivyokuwa akisimama akigombwa. Baba akageukia ukuta. Mama yangu, Bi Pili, akatoka nje akasimama kichochoroni. Nikadhani nimeshinda.

Picha ilipotoka ndipo tulipoona. Vidole vyangu juu ya kanzu nyeupe vilikuwa na ncha nyeusi. Hina ya harusi ya jirani, haijafutika, na hapana hata mmoja aliyeikumbuka. Mama akasema, "Mama mkwe haoni vyema, twendeni." Njiani, kwenye basi la mbao, akanishika kidevu. "Ukiropoka, Mize, utamuua bibi yako." Nikafumba mdomo tokea hapo Kitogani mpaka tulipofika.

Bi Mwaka aliitikia shikamoo yangu, akaishika picha, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, mama," baba akasema.

"Na hina hii?"

Nilisikia kuku wakiparura uani. Mama ndiye aliyejibu. "Utundu wake, mama. Kaingiza mikono kwenye bakuli la Mize. Nimemgomba mpaka nimechoka."

Bi Mwaka akacheka, na sisi tukacheka. Kisha akasema, "Mize, njoo unikande miguu." Nikamkanda, kucha zangu nyekundu mbele ya macho yake. Akaninyooshea na mguu wa pili. Nikajiona hodari, nimemponya bibi yangu.

Tangu siku hiyo kila tukienda, jambo la mwanzo ni: "Haji hajambo? Anakula?" Na mama, ambaye mjini hakulitamka jina lile hata mara moja, mle chumbani akifunguka. Haji kang'oka jino. Haji kahitimu juzuu. Haji hataki samaki, anataka boga la nazi. Mle chumbani alikua, akarefuka, kanzu zikamfupia. Tukitoka, mama hufunga ushungi na mdomo pamoja, mpaka nyumbani kwetu, mtaa wa Malindi hapa mjini.

Bi Mwaka alikufa mie nshakuwa mwari. Matangani shangazi yangu Bi Subira aliniambia, huku anachambua mchele, kwamba khabari ya kifo cha Haji ilimfika Bi Mwaka jioni ile ile aliyozikwa mtoto. Shamba hakufichiki kitu. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akasema, na Bi Mwaka alishazika watano. Nilisikia, sikuelewa. Nilielewa nilipozika wa kwangu, nikatafuta mtu wa kuniuliza kama amekula, nisimpate.

Haya yote nilimsimulia Zulfa siku ile. Watu waliona picha ile miaka na miaka, wakiniuliza: huyu ni Haji, na wewe ulikuwa wapi? Zulfa hakuniuliza. Alifuta masharubu, kofia akaiacha kichwani, akainama, akauma mdomo, akapandisha mguu mmoja juu ya mwenziwe. Simu aliilaza kifudifudi.

"Haji," nikamwambia, "umeshakula?"

"Nshakula, Mize."

Nikamuuliza amekula nini.