Gari la Viti Viwili la Suma

Kilichoniondoa Morogoro safari ile ni injini. Ilikuwa imekaa juu ya magogo mawili katika gereji ya rafiki yangu Kassim, imetolewa kwenye gari la Kijapani lililopinduka, nzima kabisa, ila haina pa kwenda. Ilikuwa miaka ile mambo yalipoanza kufunguliwa. Magari yaliyotumika yalishuka bandarini kila wiki, na spea ambazo zamani ulizitafuta kwa kupiga magoti zikawa zinapangwa kwenye turubai kando ya barabara. Kassim alitaka injini ile iingie kwenye teksi. Mimi nilitaka iingie kwenye gari dogo la Kiingereza la viti viwili, jepesi, paa la turubai, kama lile alilokuwa nalo mhandisi mmoja wa shamba la mkonge nilipokuwa mtoto. Likipita, sisi watoto tulikuwa tunaacha ng'ombe waingie mashambani ili tulifukuze.

"Umri huu wenzako wanajenga nyumba," Kassim aliniambia.

"Nyumba haikimbii," nikamjibu, naye akacheka kwa kukata tamaa. Tulikuwa tumepanga, kama ningepata bodi, tuliandae kwa mashindano ya kupanda mlima. Bodi nyepesi na injini yenye nguvu: hesabu hiyo hata mimi niliyeishia kidato cha nne niliiweza. Dereva mmoja wa lori la chai ndiye aliyeniambia kwamba gari la namna hiyo liko Rungwe, kata ya Suma, limelala bandani tangu mwenyewe afariki.

Uyole, asubuhi. Nililala hapo baada ya basi la kutwa nzima, nikaamka nikiwa nimevaa mashati yangu yote mawili. Kutoka hapo barabara inapanda kuelekea Isongole, na ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye magunia ya viazi yaliyosimamishwa kando ya lami. Kisha tukaanza kuteremka. Baada ya Kiwira kila kitu kikawa kijani: migomba, chai, tena migomba, nyumba zimejificha humo ndani hata unaona moshi kabla hujaona paa. Niliangalia kona za barabara ile kama mtu anavyoangalia chakula. Moyoni nilikuwa nimeshakaa kwenye usukani.

Tukuyu nilifika mvua ikinyesha, na nikaambiwa hiyo si mvua, ni manyunyu. Nilipata chumba mtaa wa Makandana kwa Bi Zuhura, mama wa Kiislamu wa makamo aliyekuwa na duka mbele na vyumba vinne vya wageni nyuma. Nilipotaja gari alipiga makofi.

"La marehemu Gwakisa! Mjane wake huyo hapo, anauza vitenge meza ya pili. Mama Ipyana! Njoo, umepata mgeni wa gari."

Mama Ipyana alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye macho ya kupima. Mumewe alikuwa fundi wa matrekta kwenye shamba la chai, akalinunua gari kwa meneja wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao. Nilimwuliza kama anauza. Alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mimi mwenyewe, kaka, nisingeuza. Lakini liko kwa baba mkwe, na nimesikia banda lake analitaka. Siwezi kumziba mzee nafasi kwa ajili ya chuma. Nenda kwake. Akisema ndiyo, na mimi ni ndiyo."

Kesho yake nilipanda lori la wanunuzi wa ndizi hadi Suma. Mzee Ambokile nilimkuta anafagia ua uliokuwa tayari safi. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, koti limefungwa vifungo vyote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ugonile, mgeni. Umekuja kwa gari la mwanangu. Habari imefika kabla yako." Akanifungulia banda. Lilikuwepo. Rangi ya kijani imepauka, turubai la paa limeoza, lakini hakuna kutu ya kutisha. Mtu alikuwa akilipangusa. Nilishika bampa ya nyuma nikainua, na magurudumu yakaanza kuacha udongo. Wepesi ule ulinipanda mikononi mpaka nikacheka peke yangu.

"Mzee, unaliuza?"

Alitazama nje, kwenye migomba. "Mimi, mgeni, nisingeuza. Jumapili nikitoka kanisani nalifungulia mlango, lipate hewa. Lakini mkwe wangu ana watoto wa kusomesha, na nimesikia aliuza mbuzi. Ataona haya kuniomba. Basi na liuzwe, apate yeye fedha yote. Mwambie hivyo."

Bei tulipatana bila ubishi, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kubishana. Nilirudi Makandana juu ya ndizi za wenyewe, miguu ikining'inia nyuma ya lori, na nilipaswa kuwa na furaha.

Mama Ipyana nilimpa bei na ile ndiyo ya mzee tu; jioni nikamsimulia Bi Zuhura yote. Alikuwa anachambua mchele. "Kwa nini hawakai chini wakaulizana?" nikasema. "Huyu anauza kwa ajili ya yule, yule kwa ajili ya huyu."

"Watakaaje? Yule ni mkamwana wake." Akaona sijaelewa. "Wewe wa Morogoro, hapa ni kwa Wanyakyusa. Mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Akimwona njiani, anaingia majanini. Hasemi naye, halili naye, jina lake halitaji. Si ugomvi, baba. Ndiyo heshima yenyewe. Siku hizi vijana wamelegeza, lakini hao wawili, ee! Wanashindana nani amheshimu mwenzake zaidi."

"Na habari zao zinapitaje?"

"Kwa watu. Na watu unawajua. Mzee akisema banda hili ni dogo, likifika huku limekuwa mzee anataka banda. Mama Ipyana akiuza mbuzi msumbufu, likifika Suma limekuwa watoto wamekosa ada." Akapeperusha ungo. "Sasa mtu wa katikati ni wewe. Utasema, au utachukua gari lako unyamaze?"

Nilikwenda kulala nikiisikia injini ya Kassim kana kwamba inawaka uani. Nikajiambia kwamba wote wawili wamesema ndiyo, na ndiyo ni ndiyo. Hakuna aliyenituma kupekua mioyo ya watu.

Suma tena, siku ya makabidhiano. Mama Ipyana alikuja, kwa kuwa gari lilikuwa la mumewe. Hakuingia uani. Alisimama nyuma ya ukuta wa jiko, mgongo umetugeukia, kitenge kimefunika kichwa. Mzee alikaa kwenye kigoda karibu na banda, naye akitazama upande mwingine. Kati yao palikuwa na hatua chache tu na kila neno lilisikika, lakini yote yalipita kwangu.

"Mgeni, mwulize kama safari ilikuwa njema."

"Mama Ipyana, mzee anauliza—"

"Mwambie njema, ila matope."

"Mwambie matope ndiyo Suma."

Nikasikia mtu anacheka ndani ya kitenge.

Nilikuwa nimekuja na betri na petroli. Nikasafisha plagi, nikapuliza kabureta, majirani wakasukuma gari hadi uani. Mara ya tatu liliwaka. Mlio ule! Mkavu, wa juu, unakoroma kidogo ukiachia mafuta. Mzee alisimama, akakaa. Mimi kwa furaha nikavuta breki ya mkono, nikatoka nikafungue boneti. Gari likaanza kuondoka polepole, likielekea migombani. Nikalirukia, nikavuta breki tena, haikushika, majirani wakipiga kelele, "Bonyeza kitufe!" Nikakibonyeza ili niiachie na kuivuta upya, kama magari yote duniani, ikaachia kabisa.

"Usiibonyeze kuachia!" sauti ilitoka nyuma ya jiko. "Ya hilo iko kinyume! Vuta kwanza, ndipo ubonyeze, ikamate! Na ukanyage breki ya mguu, kaka, mguu unao!"

Nikafanya hivyo. Gari lilisimama pua yake ikiwa ndani ya majani ya mgomba. Majirani walicheka hadi wakashikana. Mzee Ambokile hakucheka.

"Mgeni," akasema, "mwulize amejuaje."

"Mwambie marehemu alinifundisha. Jioni, baada ya kazi, kwenye barabara ya chai. Nilikuwa naendesha hadi Katumba na kurudi. Mwambie anisamehe, hatukumwambia."

Mzee alitazama mikono yake. "Mwambie nilikuwa nasikia gari linapita jioni. Nilidhani ni mwanangu. Nilikuwa nasema, leo kijana anabadilisha gia vizuri."

Nilikuwa bado nimeshika usukani. Ulikuwa mwembamba, wa mbao, umelainishwa na mikono ya watu wawili. Nilijua kwamba nikinyamaza, jioni hiyo gari lingekuwa juu ya lori, nami nisingelipata jingine kama hilo maishani. Nikazima injini.

"Mzee," nikasema kwa sauti ya kufika jikoni, "hili hamkunituma. Mama Ipyana hataki kuuza. Anauza kwa sababu ameambiwa unataka banda."

"Banda?" Mzee akageukia ukuta, akakumbuka, akanirudia mimi. "Nilifanyie nini banda?"

"Na wewe, Mama Ipyana, mzee hataki kuuza. Anauza kwa sababu ameambiwa umekosa ada."

"Mbuzi yule alikuwa anakula vitenge vyangu! Ada ilikwishalipwa!"

Jirani mmoja akasema, "Mwe!" Mvua ilianza, ile wanayoiita manyunyu, na hakuna aliyekwenda kujikinga. Hatimaye mzee akafungua kifungo cha juu cha koti.

"Mwambie hivi. Ufunguo nitauweka juu ya mlango wa banda. Kila Jumamosi mimi nitakuwa migombani kule chini, tangu asubuhi hadi jua lizame. Uani hapatakuwa na mtu. Gari likikaa bila kuendeshwa linaoza."

Nilimwona Mama Ipyana akipiga magoti pale nyuma ya ukuta, kwenye matope, kuelekea upande ambao mzee hangeweza kumwona. Nami ndiye niliyesema, "Mzee, amepiga magoti."

"Ndaga," akasema mzee, ndiyo asante ya kwao. "Mwambie ainuke, kuna maji."

Safari ya kurudi ilianzia palepale. Mzee alinipa mkungu wa ndizi, akatangulia kwenda migombani ili mkwe wake aweze kuingia uani. Mama Ipyana ndiye aliyenipeleka hadi lami, mimi kiti cha abiria, mkungu magotini. Aliendesha vizuri kuliko mimi. Kwenye kona ya chini nikamwona mzee amesimama kando ya barabara, ametupa mgongo kwa heshima, uso umeelekea majani.

Mama Ipyana alikaza macho mbele. "Yupo?"

"Yupo."

"Anafanya nini?"

"Ametupa mgongo. Lakini mkono ameuinua juu, anapunga."

Akapiga honi mara moja, fupi, akabadilisha gia.

Nilikwenda Rungwe nikiamini kwamba mila ile ni ukuta na mimi ndiye mwenye nyundo. Sikuvunja kitu. Waliendelea kutoonana, na ndani ya kutoonana huko wakapeana Jumamosi nzima. Kilichokuwa kimepungua ni mjumbe wa kufikisha neno lote, asibakize hata lile linalomwumiza yeye mjumbe.

Morogoro, Kassim alinikuta kwenye mlango wa gereji nikiwa na mkungu wa ndizi begani. Akatazama nyuma yangu, barabarani.

"Gari liko wapi?"

"Linatumika," nikamwambia, na tukaanza kutafuta teksi ya kutia injini ile.