Siku Nilipomtafsiri Nungunungu

Kwetu Wamwera mtoto ni wa mjomba. Wengine husema hivyo kwa fahari. Mimi nililisikia neno hilo kama mtu anayesomewa mashtaka. Nilikuwa mjomba wa mtoto mmoja tu, binti wa dada yangu wa Mandawa, upande wa Ruangwa, na kazi yenyewe niliifanya kwa mbali, nikiwa nyumbani kwa mama yangu Nachingwea, mahali nilipokaa tangu nimalize kidato cha nne. Msimu mmoja korosho zilipolipa vizuri wenzangu walinunua baiskeli. Mimi nilinunua televisheni ndogo na deki ya video, yaani nilinunua sababu ya kutotoka nje.

Mwaka uliofuata dada alianguka kutoka kwenye keria ya baiskeli akirudi mnadani, akavunjika paja. Wakamlaza hospitali ya misheni, mguu umening'inizwa, na daktari akasema ni miezi. Shemeji alikuwa katikati ya kuvuna ufuta, kwa hiyo mjomba akaitwa. Nilikwenda Mandawa kwa lori kumchukua mtoto wa miaka saba ambaye hakuna aliyemweleza kitu. Alipouliza mama yuko wapi, nikamwambia amesafiri, atarudi kesho kutwa. Nilidhani huo ndio upole.

Wiki tano zikapita. Hakulia hata siku moja. Tulimwandikisha darasa la kwanza, na huko hakufungua mdomo. Aliyemgusa alipigwa ngumi. Nyumbani akipewa sahani anaisukuma. Mama yangu, aliyekuwa akimtania kwa kumwita mke mwenzake, alimaliza utani wote aliokuwa nao, akalalamika kwamba hajaona mke mwenza asiyejua hata kugombana. Hakupata tabasamu. Mwishowe mwalimu aliniita, akasema mtoto ana kiburi, bora arudi kwao aanze tena mwakani. Nilikubali haraka kuliko inavyompasa mjomba. Jumatatu tungepanda lori la Ruangwa, nimkabidhi kwa baba yake, na shule ingekuwa imeishia hapo.

Jumamosi mchana majirani walikuja kama kawaida yao. Mtawa mmoja alikuwa ameniazima mkanda wa katuni za Kizungu. Sebule ilijaa watoto, na katikati yao alikaa jirani yetu, mtani wangu, ambaye hakuwahi kuja kuangalia filamu. Alikuja kuniangalia mimi nikitafsiri. Tukashusha pazia.

Filamu ilimhusu mtoto wa nungunungu. Watu walicheka papo hapo: mwizi wa mihogo yetu, leo kavaa kaptura! Alikuwa amepelekwa kuishi kwa sungura, kwenye shimo lenye vitanda na mapazia, na kila jambo dogo likitokea miiba yake inasimama na sungura wote wanakimbia.

Sijasahau jinsi ile miiba ilivyosimama. Ulianza mmoja shingoni, ukafuata wa pili, kisha yote, polepole, kama upepo unapopita juu ya shamba la ufuta. Macho yakawa makubwa, meusi, na ndani ya kila jicho kukawa na kidoa cha mwanga kinachotetemeka. Niliduwaa. Kuna mtu mahali fulani alikaa chini akalichora jicho lile, akalichora tena na tena mpaka likapepesa. Mtu wa ndani kama mimi, nikawaza, ila yeye kukaa kwake kuna faida.

"Amekasirika," nikawatangazia.

Nani asingesema hivyo? Kila mkulima anajua kwamba nungunungu akisimamisha miiba amekasirika, kaa mbali. Na Kiingereza chenyewe kilikuwa kinapita mbio, mimi nashika mkia tu. Miiba ikasimama tena, nikasema amekasirika sana. Mara ya tatu mtani wangu akauliza kama shuleni kwetu tulifundishwa neno hilo moja tu kwa miaka minne.

Mama alitaka kuambiwa kwa Kimwera, maana Kiswahili chake kiliishia sokoni. Mimi nilikuwa na shughuli ya kujitetea. Basi akamwinamia mjukuu wake, aliyekaa mkekani karibu na magoti yake, akamuuliza huyu mnyama anasema nini.

Mtoto akajibu. Sauti ilitoka ikikwaruza. "Mjomba anakosea," alimwambia kwa Kimwera. "Hajakasirika. Anaogopa. Mlango ukilia anadhani ni mama yake, halafu siyo."

Nilinyamaza, na hakuna aliyeniambia niendelee. Yeye ndiye aliyeendelea, kwa sauti ya chini, tukio baada ya tukio, wakati hajui neno hata moja la Kiingereza. Alisoma mabega. Alisoma namna yule mnyama alivyolala mgongo ukutani, namna alivyoficha chakula chini ya mto ili amwekee mtu. Watoto wakamsogelea, wasiojua Kimwera wakanong'onezwa na wenzao. Niliitazama televisheni yangu, niliyoikodolea macho mwaka mzima, nikaona kama ndiyo kwanza imewashwa.

Ilipokwisha watu waliondoka taratibu. Mtani wangu alipita mlangoni bila neno, ndipo nikajua jambo ni zito.

Mtoto alibaki mkekani. "Mjomba," akasema, "kesho kutwa ni lini?"

Nikamwambia yote: baiskeli, paja, kamba, jiwe linalovuta mguu ili mfupa ukae sawa. Alinitazama usoni muda wote, nami nikashindwa kuongeza hata uongo mdogo wa kumfariji. Kisha akalia, kilio cha wiki tano, na bibi yake akamkumbatia bila utani wowote.

Jumatatu asubuhi nilimpitia mwalimu. Nilimwambia mtoto hana kiburi. Ana hofu, na tuliompa ni sisi. Mwalimu akasema nimrudishe Jumatano, atamkalisha dawati la mbele karibu yake. Mtoto alisoma kwetu mpaka mama yake alipoweza kutembea, na akaendelea kusoma hata baada ya hapo.

Lakini Jumatatu ile tulipanda lori la kwenda hospitali. Mlangoni mwa wodi alisimama akiutazama ule mguu juu na lile jiwe. Dada yangu hakumwita, alimwachia atazame. Mtoto akasogea, akamgusa mama yake shavu, akapanda kwenye kiti na kuanza kumsimulia filamu. Yote, kuanzia kaptura. Nilikaa dirishani nikisikiliza, na hapo ndipo nilipojua filamu niliyoitafsiri ilihusu nini.

Dada alimuuliza nani aliyewatafsiria Kizungu chote hicho.

"Alianza Mjomba," akasema, "lakini tulimpumzisha."