Bosi Wangu Alivyopata Watoto Watano kwa Barua Pepe

Asubuhi moja, kati ya saa tatu na saa sita, bosi wangu alipata watoto watano.

Hakuna aliyelia, hakuna aliyebatizwa. Mkubwa alizaliwa akiwa tayari mkuu wa sheria.

Mkunga nilikuwa mimi.

Naitwa Meseret. Mambo haya yalinikuta hapahapa Addis Ababa, mtaa wa Kazanchis, ghorofa ya tatu, juu ya duka la sare za shule. Bosi, Gashe Zewdu (gashe ndivyo tunavyomwita kwa heshima mwanamume aliyetuzidi umri), alikuwa ndiyo kwanza amefungua kampuni ya kutafutia watu kazi. Wafanyakazi wote wa kampuni tulikuwa mmoja, yaani mimi.

Nilikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio. Ahadi yake ilikuwa hivi: tukipata mteja wa kwanza, nasaini ajira ya kudumu. Niliitaka ile ajira kufa na kupona.

Kisa chote kilianzia kwenye anwani yake ya barua pepe. Alikuwa bado anatumia ile ya ujanani, "simbawakazanchis" na mwaka wake wa kuzaliwa mbele. Tukawaandikia watu wa kiwanda kimoja cha nguo kule Akaki tuwatafutie wafanyakazi. Wakajibu kwa upole kwamba taarifa za watu wao hawawezi kumtumia simba.

Gashe akachachamaa. Siku hiyohiyo akalipia jina la kampuni mtandaoni, kesho yake asubuhi akanivutia kiti.

"Mesi, kampuni ni watu. Ukiacha yangu, fungua anwani sita."

"Gashe, tuko wawili."

"Nani anajua? Wa sheria, wa usaili, wa mafunzo, wa malalamiko, wa uhusiano wa kimataifa. Na wewe. Wote utawajibia wewe."

Fomu ilitaka jina la kwanza na jina la ukoo. Sasa sisi huku ukoo hatuuandiki. Jina la pili la mtu ni la baba yake mzazi, mchezo umekwisha. Lakini Gashe aliwahi kwenda Dubai kwenye semina ya wiki mbili, na tangu arudi hajaacha kujimwambafai.

"Huko duniani kampuni ya maana ina jina moja la ukoo. Weka Zewdu kwa wote."

"Watu watasoma kwamba ni watoto wako."

"Wewe ni wa mapokezi. Andika."

Nikaandika. Dawit Zewdu, sheria. Hirut Zewdu, usaili. Na wale wengine watatu.

Nilipofika kwenye langu niliandika Tadesse, na vidole vikagoma kulifuta. Baba yangu ni Tadesse, mwalimu wa hesabu kule Debre Birhan, na yuko hai. Nikamfuta, nikajiandika Meseret Zewdu. Niliona aibu sana, ila nilitaka kazi.

Wiki mbili nikawa familia nzima. Hirut nilimpa ulimi mtamu. Yule wa malalamiko nilimpa uvivu, akawa anajibu baada ya siku tatu. Dawit nilimpa akili yangu yote, maana sheria nimeisoma, nilikosa tu pa kuifanyia kazi. Tukawaandikia tena wale wa kiwandani, na Dawit akasoma mkataba wao, akawaonyesha vipengele vitatu ambavyo vingewapeleka mahakamani.

Wakaingia laini. Weyzero Yeshimebet, yaani Bi Yeshimebet, mkuu wa utumishi wa kiwanda, akaandika kwamba Alhamisi anakuja mwenyewe kusaini na kuwaona wahusika.

"Tafuta watu watano," Gashe akaniambia, jasho likimtiririka. "Wawe na pua yangu."

Kampuni ya kutafuta wafanyakazi ikahangaika siku tatu nzima bila kupata hata mmoja.

Alhamisi Weyzero akafika, mama mnene mwenye miwani. Nikatandaza nyasi sakafuni, nikakaanga kahawa mbele yake, kama desturi yetu ya vikombe vitatu inavyotaka. Hakugusa karatasi mpaka alipomaliza kikombe cha kwanza.

"Ato Zewdu, hongera kwa watoto waliosoma," akasema. "Lakini matangazo yako yanasema mnaajiri kwa sifa. Mbona ofisi nzima umeizaa wewe?"

Gashe akakohoa. Akisema si wake, basi sisi ni matapeli tuliotunga watu. Akisema ni wake, ndiyo hayo.

"Mungu amenijalia," akajibu.

"Wako wapi?"

"Safarini."

"Wote?"

"Ni familia inayopenda kusafiri. Huyu hapa Meseret amebaki. Binti yangu mdogo."

Weyzero akanigeukia. "Eti binti, baba yako nani?"

Gashe alinitolea macho. Ajira yangu ilikuwa pale mezani, imeshachapwa, inasubiri kalamu.

Nilimfikiria baba akisahihisha madaftari na kalamu yake nyekundu. Kumfuta kwenye kompyuta niliweza. Kwa mdomo wangu, mbele ya watu, nikashindwa.

"Tadesse," nikasema. "Mwalimu Tadesse wa Debre Birhan."

Gashe akafumba macho.

Weyzero akavua miwani. "Na Dawit? Maana kusema kweli nimemfuata Dawit. Nilitaka kumnyakua awe msaidizi wangu."

"Dawit ni mimi. Wote ni mimi."

Akaniangalia, akaliangalia birika la kahawa mkononi mwangu.

"Wewe?" Akafikiri kidogo. "Basi usihofu. Hata kwetu mapokezi pana nafasi."

Hapo nikapandwa na hasira. Kazi nilikuwa nimeshaipoteza, woga wa nini tena?

"Weyzero, jana nilitosha kuwa msaidizi wako. Leo umeona sketi, nimekuwa wa mapokezi? Vile vipengele vitatu alivisoma nani, birika?"

Akanywa kikombe cha pili, kisha cha tatu. Mkataba wa Gashe akaurudisha kwenye mkoba bila kusaini.

"Jumatatu, saa mbili," akaniambia akiwa mlangoni. "Kazi ni ya Dawit. Uje na vyeti vyako mwenyewe."

Gashe alinifukuza kabla yule mama hajafika chini ya ngazi. Nikampa nywila zote sita, nikamtakia malezi mema.

Jioni nikampigia baba, nikamweleza yote, hata kwamba nilimfuta. Kisha nikamsikia akimwambia mama, "Amenitaja mbele ya wakubwa."

Nililia barabarani bila kujificha.

Funzo langu ni fupi. Ukifungua kampuni, fungua anwani za watu waliopo, na kabla hujampa mtu jina lako, muulize kama ana baba. Na wewe uliyeajiriwa kuwa watu sita, chunguza vizuri ni yupi kati yao anayetafutwa na watu wa nje. Huenda ndiye wewe, na bosi wako anamwita wa mapokezi.