Siku Ndevu Zangu Zilipomuua Mzee Lomuria

Niliwahi kumuua mume wangu akiwa mzima, anatembea kwa miguu yake miwili, na sababu ilikuwa ndevu. Si ndevu zake. Zangu. Aibu hii nimekaa nayo muda mrefu, na wajukuu wangu wanaisimulia kwa kila mgeni na kuongeza chumvi, mmoja anasema ati nilipigwa na stima mpaka nikaanguka (uongo mtupu), kwa hivyo nimeona niandike mwenyewe kwa mkono wangu, hata kama mkono wenyewe ulienda shule mpaka darasa la pili tu halafu ukarudi kuchunga mbuzi.

Ilikuwa mwaka ule watu walipoanza kusema mafuta, mafuta, Lokichar kuna mafuta. Mjukuu wangu Akiru, yule niliyemlea mwenyewe hapa Lodwar kwa maziwa ya ngamia na kelele, alikuwa amemaliza chuo cha ualimu (wa kwanza kwetu, andikeni hiyo) na akapata mchumba, dereva wa lori za hao watu wa mafuta, kijana mrefu anayejua kusalimia wazee. Wakwe walikuwa waje Jumamosi moja ya mwezi uliofuata na mifugo ya mahari, na Akiru akasema kutakuwa na mtu wa kupiga picha, kila mtu asimame vizuri. Picha! Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka, kwa sababu mtoto wa jirani alikuwa amenishika kidevu wiki hiyo hiyo akaniambia mbele ya watu, "Ata, wewe na mbuzi mnafanana hapa." Ata ni bibi, ndivyo wananiita wote. Na mtoto hakudanganya. Ndevu zangu zilianza moja, nikaing'oa kwa kucha, ikarudi na wenzake, nikang'oa hao pia, wakarudi wakiwa wagumu kama brashi ya viatu.

Sasa dada yangu anayeishi Kakuma alikuwa ameniambia habari za mama mmoja kule kambi ya wakimbizi, Mkongo, Mama Furaha, ana chumba cha kusuka nywele na nyuma ya pazia ana mashine ya kuua ndevu zisirudi tena. Nikaenda kumwona mwezi mmoja kabla. Akanishika kidevu, akakigeuza huku na huku kama mtu anayenunua mbuzi, akasema, "Mama, wacha kung'oa. Ukishang'oa, mimi nitaingiza sindano wapi? Ule unywele ndio unanionyesha njia. Rudi nyumbani, uache zimee."

Zimee! Mimi niliyesafiri ili zitoke. Lakini nilizilea kama mboga, siku baada ya siku, nimejifunika shuka mpaka mdomoni katika joto la Lodwar, na Akiru akiuliza nasema jino linauma.

Alhamisi, siku mbili kabla ya wakwe, nikasema naenda kumsalimia dada yangu. Mzee wangu Lomuria alikuwa ameenda Namoruputh kuangalia ngamia, kule simu haishiki hata ukipanda mlima. Simu yangu mimi niliiacha nyumbani makusudi, Akiru asinipigie kuniuliza niko wapi na naongea na nani.

Mama Furaha akawasha jenereta, akanilaza, halafu akaniangalia shingoni. "Hivi vyote vitoke, mama. Chuma na stima havilali pamoja. Na zile za chini ya kidevu nitazifikiaje na huu mnara?"

Wacha niwaeleze huo mnara, ninyi msioujua. Shanga zangu zinaanza mabegani na kupanda mpaka chini ya kidevu, na ndani yake kuna ile pete ya chuma ya shingoni, alagama, niliyovishwa siku ya kuolewa. Mwanamke wa kwetu hazivui. Analala nazo, anazaa nazo. Akizivua, watu wanajua kuna jambo moja tu limetokea. Lakini mimi siku hiyo nilikuwa nafikiria kidevu, kidevu, kidevu, shingo nilikuwa nimeisahau kabisa. Nikavua zote, nikazitia kwenye mfuko wa plastiki.

Kazi yenyewe, kwa wale mnaotaka kujua (na najua mnataka, msijifanye), iko hivi. Nilipewa kijiti cha chuma kilichofungwa kitambaa chenye maji, nikakishika mkononi, ndiyo njia ya stima kurudi. Yeye akachukua sindano nyembamba, nyembamba kuliko unywele wenyewe, akaiteremsha kando ya unywele mmoja, ndani ya kale kashimo unamotokea, mpaka chini kwenye mzizi. Hatoboi ngozi, anafuata njia iliyopo. Halafu anakanyaga swichi kwa mguu. Unasikia kama siafu amekuuma na hataki kuachia. Akasema stima inageuza unyevu na chumvi ya mwili kuwa kama magadi makali, hayo magadi yanakula mzizi, na mzizi ukishakufa hakuna cha kuotesha tena. Akashika unywele kwa kibano, ukatoka wenyewe bila kuvutwa, mlaini, kama unatoa kijiti kwenye uji.

"Mmoja," akasema.

"Zimebaki ngapi?"

"Mama, lala."

Mmoja mmoja! Mimi nilidhani anawasha mara moja zinaanguka zote. Saa nzima na zaidi, siafu baada ya siafu, na alipozima mashine alikuwa amemaliza upande wa kushoto tu. Nikamwambia na huku kulia je? Akasema ngozi imechoka, na hata huku kushoto nitarudi tena, kwa sababu ndevu haziamki pamoja, nyingine bado zimelala chini na zitatoka mwezi ujao, mashine haiwezi kuua kisichojitokeza, kwa hivyo itakuwa safari nyingi. Akanipa kioo. Upande mmoja umevimba, mwekundu, una vidoti kama nimelalia mchongoma. Upande wa pili mbuzi yule yule.

"Usikune, usipake mafuta, na hizo shanga usizivae mpaka keshokutwa, zitasugua," akasema.

Nikatoka hivyo. Shingo tupu kama ya kuku, mfuko mkononi, macho yanatoka machozi kwa wale siafu. Sokoni nikakutana ana kwa ana na Asekon, jirani yangu wa Lodwar, ambaye huleta vikapu vya kuuza Kakuma. Aliniona akaviangusha vikapu vyote chini. Akaja akanishika mikono miwili, machozi yakaanza kumtoka. Mimi nikawaza, kumbe kidevu kimeharibika hivyo? Na hapa ndipo nilipokosea, kosa lenyewe ni hili. Ningefungua mdomo tu! Lakini nimwambie nini Asekon, ambaye mdomo wake hufika Lodwar kabla ya gari? Kwamba nimekuja kunyolewa ndevu kwa stima? Nikainamisha kichwa, nikajifunika kidevu, nikaenda zangu haraka. Kiburi changu kilifunga mdomo. Asekon akafungua simu.

Gari letu lilipata pancha, nikafika Lodwar jua limeanza kuinama. Kutoka mbali nikaona watu wamejaa kwangu. Nikafurahi, mjinga mimi, nikasema wakwe wamewahi. Halafu nikasikia kilio. Wanawake waliponiona na ile shingo, kilio kikapanda mara mbili, wakanivamia, wakanikalisha chini, mmoja ananimwagia maji, mwingine ananishika miguu.

"Nani amekufa?" nikauliza.

"Jikaze, mama."

"Nani?"

Akiru akanirukia akilia. "Ata, babu amekufia wapi? Mbona hukuniambia?"

Hapo ndipo mkono wangu ulipopanda shingoni wenyewe, ukakuta ngozi, shingo tupu ya mjane. Mungu wangu.

"Hajafa!" nikapiga kelele. "Lomuria yuko Namoruputh na ngamia, hajafa!"

Wakatazamana. Mama mmoja mzee akanipigapiga mgongo. "Ndiyo, mwanangu. Mimi pia wangu nilimkatalia siku tatu."

Kila niliposema hajafa, walilia zaidi. Na katikati ya wanaume ameketi Mzee Ewoi, baba wa kijana, amekuja na gari la mtu kutoka Lokichar kutupa pole. Akasimama, akasema kwa sauti ya heshima, "Mama, mahari haiingii kwenye nyumba ya kilio. Nimeshapiga simu mifugo irudishwe Lokichar. Tutangoja msiba upite, mwaka ujao tutaongea." Nikamwangalia Akiru. Mtoto alikuwa amempoteza babu na harusi siku moja, na vyote viwili nimevichukua mimi kwa kutaka kupendeza kwenye picha yake.

Basi. Kiburi kikafa pale, badala ya Lomuria. Nikasimama, nikatoa shuka usoni, nikainua kidevu mbele ya watu wote, wakwe na majirani na yule mtoto aliyenifananisha na mbuzi.

"Tazameni! Nilienda Kakuma kutolewa ndevu kwa stima. Huku zimetoka, huku hazijatoka. Mama wa kule alisema chuma na stima havilali pamoja, nikavua shanga, ziko kwenye huu mfuko. Mume wangu ni mzima. Mwenye ndevu ni mimi!"

Hata mbuzi walinyamaza. Wanawake wakasogea, wakainama, wakahesabu vidoti. Mmoja akanong'ona, "Uchungu umempanda kichwani."

Na hapo hapo, nyuma ya nyumba, tukasikia sauti. "Beberu wangu mwekundu nani amemchinja?"

Lomuria. Vumbi mpaka kwenye nyusi, kigoda chake mkononi, amesimama mbele ya ngozi ya yule beberu aliyempenda kuliko watu wengine hapa nyumbani, aliyechinjwa kulisha waliokuja kumlilia yeye mwenyewe. Wanawake watatu walikimbia, na mmoja wao ni yule aliyemkatalia wake siku tatu. Mzee Ewoi aliyekuwa na mfupa mkononi akautazama ule mfupa, akauweka chini polepole. Lomuria akapita katikati ya watu, hasalimii mtu, akaja mpaka kwangu. Akaangalia shingo yangu muda mrefu.

"Mama Ekai," akasema, "mimi nimekufa?"

"Hapana, baba Ekai."

"Basi vaa."

Nikavaa. Zilisugua kweli, kama Mama Furaha alivyosema, niliona nyota mchana, lakini nilivaa zote mpaka ile ya juu kabisa. Ndipo Akiru akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyelia sana, kikashika wengine, mpaka Mzee Ewoi akafuta macho akatoa simu na kuamuru mifugo ianze safari tena. Kabla hajaondoka alinivuta kando. "Huyo mama wa Kakuma," akasema taratibu, "anafungua siku gani? Si kwa ajili yangu. Mke wangu."

Jumamosi mahari ilifika. Kwenye picha nimesimama kando ya mjukuu wangu nikiwa nimegeuka, mnaona upande wa kushoto peke yake, na nimependeza.

Nilirudi Kakuma mara nyingi baada ya hapo, kwa sababu zilizolala ziliamka kweli, na zilizouawa hazijarudi mpaka leo, shikeni kidevu mjionee. Lakini sitavua tena shanga zangu kwa siri hata kama ndevu zitafika magotini. Nikienda, naenda na Lomuria. Anaweka kigoda chake mlangoni kwa Mama Furaha, anakaa na shanga zangu mapajani, na kila mtu wa Lodwar anayepita anamsalimia "Ejok!" kwa sauti kubwa, asikie na aitike, wote tujue yuko hai.