Jina Chini ya Chungu

Jumamosi kwenye gulio la vyungu Matema, nilimwona mzee mmoja wa Kijapani akiinua chungu kilichopinda mdomo, akakigonga kwa kidole, akasikiliza. Ni mfinyanzi kutoka Seto, mji ambao umeishi kwa udongo tangu enzi za mababu.

"Anakitaka hiki," mkalimani wake akamwambia mama wa Kikisi aliyekuwa akiuza.

"Mwambie hicho cha kunyweshea kuku. Vizuri ni hivi."

Mzee akatikisa kichwa, akatoa kalamu na karatasi. Mkalimani akaeleza kwamba kwao mfinyanzi huandika jina lake chini ya kazi yake, na mzee alitaka jina la mama ili akaliandike.

Mama akamnyang'anya chungu, akakipakata.

"Jina langu, kwenye hiki? Wajapani waseme Wakisi hatujui kazi?"

"Anasema hapo palipopinda ndipo anapouona mkono wako."

"Mkono huo ulikuwa na homa siku hiyo!"

Muuzaji wa jirani akadakia, "Dada, mpe, aandike langu."

"Lako? Hicho ni kizuri mno kwako."

Mwishowe alikitoa bure, bila jina, kwa sharti kwamba mzee anunue na kilichonyooka, jina likae huko. Mzee akainama mara mbili.

"Ndaga fijo," mama akamshukuru.

Kazi yangu imenisimamisha mbele ya meza nyingi za ofisi, ambako watu hutia majina yao chini ya kazi yoyote ile. Mama huyu ndiye wa kwanza niliyemwona akikataa kutia jina lake kwenye kazi iliyopinda.