Aliyekuja Kumtafuta Mumewe

Usinicheke kabla sijamaliza. Haya niliyaona mwenyewe, mchana, na pombe sijawahi kuionja. Watu wa kanisani kwetu hapa Oakdale, huku ughaibuni, wanayajua, ila hawapendi kuyataja.

Nyuma ya nyumba nilikuwa nimetundika kisanduku cha mbegu za alizeti kwa ajili ya ndege. Wewe hujui baridi ya huku. Miezi mizima nje ni theluji tupu, unarudi kutoka shifti umechoka kuhudumia wazee, na nyumba iko kimya. Ndege wale ndio walionituliza. Niliwapenda zaidi wawili, dume jekundu kama pilipili na jike lake la kahawia lenye mdomo wa rangi ya chungwa. Dume lilikuwa likimenya mbegu na kumlisha mkewe mdomoni. Nani asingependa kuangalia?

Shemeji yangu Mutiso, mdogo wa mume wangu, aliishi nasi akimsubiri mkewe Mueni kutoka Machakos. Visa ilikuwa imetoka, tiketi imekatwa, na furaha ilimzidi akawa mtu wa mizaha.

"Shemeji, mnanenepesha nyama halafu mnaitazama tu dirishani?"

Nikamwambia ole wake. Siku moja niliporudi kutoka kazini nikakuta kisanduku kimepakwa gundi ya kunasia panya, na manyoya mekundu yamejaa kwenye sinki. Alikuwa amemkaanga dume akamla na ugali. Kindege kisichojaza hata kiganja. Nilimtukana, naye akacheka.

Kesho yake mchana tukasikia hodi. Alikuwa mwanamke mwenye koti la kahawia, midomo ameipaka rangi ya chungwa. Usiku theluji ilikuwa imeanguka upya, na nyuma yake hakukuwa na alama ya mguu hata moja. Niamini, niliangalia mara mbili.

"Mume wangu alikuja kula kwenu jana," akasema kwa Kiswahili safi. "Hajarudi."

Mutiso alikuwa nyuma yangu. "Hapa hajafika mtu," akajibu.

Yule mama akageuza kichwa, akamtazama kwa jicho moja. "Basi na wako akutafute."

Akashuka ngazi. Nilipochungulia, hakukuwa na mtu barabarani. Sitakudanganya, nilifurahi. Nilisema moyoni, na kimpate.

Wiki hiyo hiyo Mueni akafika. Pale uwanja wa ndege Mutiso alimkimbilia na maua, na Mueni akampita. Akanikumbatia mimi. "Mutiso yuko wapi?" Tukadhani anatania. Mutiso akamshika mkono, naye akajikuna kama aliyetuliwa na nzi. Sisi sote tunamwona. Mueni hamwoni mpaka leo.

Jioni wanakaa meza moja. Mutiso akimpigia simu, sauti anaisikia.

"Uko wapi?"

"Niko hapa mbele yako."

Hapo Mueni analia, anamtukana, anasema amewekwa kinyumba na mwanamke mwingine. Furaha yangu iliishia hapo, maana huyu dada alikosa nini? Tumeomba, tumefunga, wapi. Juzi alivua pete akaiweka mezani, karibu kabisa na mkono wa mumewe, akasema amechoka kungoja.

Walishe ndege, mwenzangu, wana raha yake. Lakini aliyekuja kula kwako usimguse, maana naye ana mtu anayemngoja, na mtu huyo anajua mlango wako.